Usilitifue Tena Bonde Langu, Baba Tatu

Baba Tatu, popote ulipo,

Nilipoteza mume mmoja, milango miwili ya mninga na usingizi wangu wa mchana, na vyote vilianza kupotea wakati mmoja: masika ya mwaka sabini na nne, yale tuliyohamia kijijini. Milango nilishaisamehe. Usingizi nitaueleza. Mume ndiye ninayemwandikia.

Utashangaa kuona mwandiko huu ni wangu. Uliniacha mtu wa dole gumba. Tangu hapo nimemaliza madarasa ya watu wazima, na siku hizi watu wakigombana juu ya vipimo vya mpunga huja kuniita mimi nihesabu. Barua hii nimeiandika nakala tatu. Ya kwanza naibandika kwenye ukuta wa duka la ushirika Mlandizi, pale mabasi ya Dar yanaposimama, kwa kuwa wapo wanaoapa kwamba hukufa hata kidogo, una mke mwingine mjini na umenenepa. Ya pili inakwenda Kisarawe, kwenye kijiji chetu cha zamani, kwa waliokataa kuhama na kwa waliohama wakarudi kimyakimya. Ya tatu nitaishusha bondeni mwenyewe, niilaze kando ya matete na kuikandamiza kwa bonge la udongo. Sijui wewe ni yupi kati ya hao watatu, kwa hiyo nimewaandikia wote. Na ninyi wapita njia mnaosimama kusoma, someni, sina cha kuficha. Ila msinicheke mpaka mfike mwisho.

Unakumbuka masika yetu ya kwanza kule Kisarawe? Tulikuwa na kishamba cha mpunga kwenye kibonde kilicho chini ya mikorosho ya mama yako. Nilikuwa mke wa miezi miwili, bado naona haya kula mbele yako. Ulinitangulia kulima, mkono wa kushoto mbele, maana wewe ni shoto, na mabonge yako yakawa yanalalia kulia wakati ya watu wengine wote hulalia kushoto. Mapigo matatu, unatema mate viganjani, mapigo matatu tena. Nilikuwa nakusikiliza kama mtu anayesikiliza ngoma ya mbali. Ulichimba chini mno, mpaka ukawa unapandisha ule udongo wa kijivu unaonuka kama kisima.

Nikakuuliza, "Huo wa chini kabisa unautakia nini?"

Ukaegemea mpini ukanicheka. "Mke wangu, ardhi ni chapati. Usipoigeuza, upande mmoja utaula mbichi."

Nilicheka mpaka jioni. Nilikupenda kwa neno lile, ndiyo maana inaniuma kukwambia kwamba hukuwa sahihi, na kwamba ninazo hesabu.

Mchana tulikuwa tukilala chini ya dungu la kuamia ndege, wewe umejifunika kofia usoni, mimi nimelaza kichwa kwenye mkono wako wa kulia. Siku moja ruba alining'ang'ania mguuni, ukamtoa kwa chumvi ya kulia mihogo, halafu ukaipuliza mahali pale kama unayempuliza mtoto. Tukarudi kulala. Huo ndio usingizi wa mchana ninaousema.

Kisha yakaja malori, tukapakia vyombo, tukashushwa huku upande wa Dutumi, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, kila nyumba na mstari wake, na bonde la Ruvu likiwa chini yetu. Udongo ulikuwa mzuri, hilo tulikubaliana sote wawili. Ulianza kulima kabla hata hatujamaliza kukandika kuta. Lakini moyo wako ulibaki kwenye milango. Nyumba yetu ya Kisarawe ilikuwa imesimama bila paa, na milango ya mninga bado iko kwenye fremu zake.

"Siwezi kulala kwenye nyumba ya mlango wa makuti kama kuku," ulisema.

"Kuku huamka mzima," nikakujibu. "Ruvu imefurika. Subiri maji yapungue."

"Maji yakipungua, milango itakuwa imeshapata mume mwingine."

Ukatundika kamba begani. Jembe ukaliegemeza ukutani. "Lisiguswe na mtu," ukasema, "mpini huu umeshaujua mkono wangu." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwako. Hukuniaga mimi, uliliaga jembe.

Watu wa Kisarawe walisema ulifika, ukang'oa milango yote miwili, ukaifunga mgongoni ukaondoka nayo kama kobe. Waliokuwa kivukoni waliuona mlango mmoja ukielea kuteremka na maji, hauna mtu. Wa pili hakuna aliyeuona. Mamba, wakasema wengine. Mjini, wakasema wengine. Mimi nilikaa kwenye nyumba isiyo na mlango, nikiangalia njia.

Masika hayakunisubiri nimalize kulia. Nusu ya ekari yetu ulikuwa umeshailima. Nusu ya pili ilikuwa nyasi kiunoni, nami nina Tatu mgongoni, bado ananyonya, na homa juu yake. Nikasema potelea mbali. Nikashika fyekeo, nikafyeka, nyasi nikaziacha zilale hapohapo. Nikachonga mti wenye ncha, nikawa natoboa tundu katikati ya nyasi zilizolala, natia punje tano, nafukia kwa kidole cha mguu, napima shibiri, natoboa tena. Ardhi yenyewe sikuigusa. Wanawake wenzangu wakanipitia na majembe yao.

"Mama Tatu, unapanda mpunga au unadunga sindano?"

"Nadunga," nikawajibu. "Ardhi inaumwa kama mimi."

Mvua ikakatika kabla mpunga haujabeba. Sikiliza sasa. Nusu uliyoilima wewe ikapasuka nyufa za kuingia mguu. Nusu yangu, ukifunua nyasi zilizooza, chini kuna unyevu na minyoo. Tulipovuna, nusu yako ilitoa magunia matatu. Yangu matano na debe juu. Jembe lingenila mwezi mzima, kijiti na fyekeo vilinila siku nane. Nilipima mara mbili nikidhani homa imenirudia.

Sisemi ni miujiza. Mwaka uliofuata panya walijificha kwenye nyasi wakala mbegu, nikajifunza kuzisogeza nyasi mbali kidogo na kila tundu. Palipokaza kama sakafu napachokonoa mstari wa kupandia tu, pembeni sigusi. Ndago, zile ambazo jembe lilikuwa likizikata vipande na kila kipande kikiota, zikaanza kuchoka zenyewe. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kuniandika mvivu, kwa kuwa amri ilikuwa kila mtu atifue sehemu yake. Aliyenikingia kifua ni Bwana Shamba wetu, Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wako na wangu. Ndiye aliyeniambia, "Usibishane nao, Mzaramo. Acha kipande kimoja ukilime kama wao, kingine kama wewe, vilingane, tuvipime wakiwepo." Tukapima wakiwepo. Nikaachwa na kijiti changu. Kwa kijiti hicho nimeezeka bati na kumpeleka Tatu chekechea amevaa viatu. Na mlango ninao. Wa mbao za kawaida, lakini unafunga.

Sasa nije kwenye jembe lako.

Tulipokaribia masika ya pili bila wewe, mdogo wako Pazi alikuja na wazee wawili wa ukoo. "Shemeji," akasema, "kaka hana kaburi. Ndiyo maana watu wanaota."

"Wanaota nini?"

"Maji."

"Wanaoishi kando ya mto waote nini, jangwa?"

Hakucheka. Nilikuwa nimeshamuuliza shehe, na shehe alisema wazi: hakuna maiti, hakuna kaburi, mke wa mtu aliyepotea husubiri miaka minne, kisha hukaa eda, kisha yuko huru. Pazi miaka minne aliiona mirefu. Alitaka kunirithi mimi pamoja na bonde, na mjane harithiwi bila kaburi. Kwa hiyo wakafanya la mila. Walilichukua jembe lako pale ukutani ulipolisimamisha, wakalivisha sanda, wakalizika kwenye ukingo wa bonde, karibu na matete, badala ya mwili. Niliuliza kwa nini jembe. Wakasema ndicho kitu ulichokishika zaidi ya vyote. Hapo hawakukosea.

Maganga alikuja kama mtani kufanya utani wa msiba. Akajitupa kwenye kile kishimo, miguu yote nje, akidai hatoki mpaka apewe kuku. Watu wakacheka kidogo. "Wazaramo," akapiga kelele humo ndani, "mnamzika mtu hewa na mnampa jembe! Mnategemea akafanye nini huko, akacheze bao? Si atalima!" Watu wakacheka zaidi. Halafu ghafla akajiinua, akajipangusa mikono. Mama mmoja akamwambia kuku analetwa, arudi alale. "Basi," akasema, "humu mna baridi." Kuku alipoletwa, hakumchukua.

Kwa Pazi sikukubali. Nikamwambia kaburi la jembe hutoa mjane wa mpini. Lakini masika yalipokaribia nilishuka bondeni nikakuta kipande cha ardhi yangu, kuanzia palepale penye lile kaburi, kimetifuliwa.

Nilisema nguruwe mwitu. Nguruwe hufukua, ila hapangi mistari. Nikasema basi ni Pazi, anataka kuonyesha kwamba shamba lina mwanamume. Nikamwaga makapi ya mpunga kwenye njia zote mbili, mapya, meupe, ambayo hata panya akipita utamwona. Kesho yake kipande kimeongezeka, makapi yametulia kama nilivyoyamwaga. Na Pazi wiki ile alikuwa amelazwa hospitali kwa mguu, niliulizia kwa watu waliokwenda kumjulia hali. Zaidi ya hayo, Baba Tatu, yalikuwepo mabonge. Makubwa, ya kijivu, ya chini kabisa, yamelalia kulia. Katika kijiji hiki chote hakuna shoto mwingine anayelima.

Sikumwambia mtu. Nilipanda kwa kijiti juu ya kipande kile pia, nipate kulinganisha, maana kuogopa hakunizuii kupima. Kwa ukubwa uleule wa ardhi, palipotifuliwa palitoa madebe manne, pasipoguswa madebe saba. Ndago zikarudi pale tu, kwenye mstari ulionyooka, kama zimepandwa.

Mwaka uliofuata ukaja tena. Na uliofuata. Nikaazima ile kamba ya kupimia viwanja, nikapima kutoka kaburini kupanda juu, kuelekea nyumba. Mwaka wa kwanza ulifika kamba moja. Wa pili, kamba mbili. Mwaka jana, nne. Mimi ni mtu wa hesabu, naona mwendo unavyojizidisha. Mwaka huu unapaswa kufika kamba ya nane. Kutoka kaburini mpaka kizingiti cha mlango wangu ni kamba saba.

Siku hizi silali mchana. Ndio muda wako. Huji usiku kama wafu wa kwenye hadithi. Unakuja jua la utosi, wakati kila mtu yuko kivulini na njia hazina watu.

Wiki iliyopita nilikuwa bondeni nafyeka, kivuli changu kimeingia chini ya miguu. Vyura waliokuwa wakipiga kelele tangu asubuhi walinyamaza wote kwa pamoja, kama watoto mwalimu akiingia darasani. Ndipo nikasikia, nyuma yangu, upande niliokwisha kuufyeka. Pu. Pu. Pu. Kimya, kiasi cha kutema mate viganjani. Pu. Pu. Pu. Sikugeuka. Nikaita kwa sauti ya kawaida, ile niliyokuwa nakuitia chakula.

"Baba Tatu, kama ni wewe, pumzika. Jua kali."

Jembe likasita. Nilisubiri nikisikia jasho linavyonitiririka mgongoni. Kisha pigo moja. Moja tu, zito kuliko yote. Halafu vyura wakaanza tena, na nikaweza kugeuka.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na udongo uliogeuzwa, na chini yake zimefunikwa nyasi nilizozifyeka asubuhi ileile, bado mbichi, bado zinanuka. Unyayo uliokuwapo ulikuwa wangu pekee. Ardhi yote ilikuwa inaunguza miguu; nilipoweka kiganja pale palipotifuliwa nilikuta baridi ya maji ya mtungini, baridi inayopanda mpaka kwenye kiwiko. Nikaiacha mikono yangu pale. Nikwambie ukweli? Nilifurahi. Kwa muda wa kupika uji, pengine. Nilikaa chini kando ya mabonge yako kama niliyekaa kando ya mtu aliyetoka safari. Nikakueleza habari za Tatu, kwamba ana meno yako na hasira zangu.

Kisha nikaona udongo wa kijivu umekaa juu, na udongo mweusi, ule ninaoulea kwa miaka yote hii, nyasi juu ya nyasi, minyoo juu ya minyoo, umezikwa chini. Nikakasirika. Nikasimama nikapima. Kamba ya tano.

Sasa nisikilize, maana yaliyobaki ni ya haraka.

Kijiji kinaandika upya majina ya wenye sehemu bondeni. Kikao ni Ijumaa hii, baada ya sala. Kila sehemu itaandikwa jina la mwenyewe aliye hai. Kama mimi ni mke wako, jina litabaki lako, na kwa kuwa hupo, msimamizi ni mdogo wako. Kama mimi ni mjane, sehemu inaandikwa jina langu mimi, kwa ajili yangu na Tatu, na hakuna wa kuniondoa.

Nilidhani mabonge yale nayajua mimi peke yangu; kumbe watu wote wameshayaona, na Pazi huyohuyo aliyekuzika sasa amekufufua. Juzi alisimama mbele ya watu. "Kaka yu hai," akasema. "Bonde lote linajua analima. Mwanamume anayelima ana mke, na mke wa mtu hakai eda."

"Pazi," nikamwambia, "si wewe uliyemzika?"

"Nilizika jembe, shemeji. Wewe uliona mtu mle ndani?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilibanwa na kicheko, ndivyo alivyo mjanja. Ameshaomba trekta. Anasema akikabidhiwa atalitifua bonde lote, kutoka matete mpaka ua wangu, "kama kaka anavyopenda." Ekari yangu nzima, Baba Tatu. Kila nilichokijenga chini ya zile nyasi kitageuzwa kwa asubuhi moja, na mimi nitakuwa mgeni wa kulishwa kwenye shamba nililolifufua.

Maganga hakucheka siku ile. Tulipotoka alitembea na mimi mpaka njia panda. "Mnyamwezi," nikamwambia, "wewe uliyelala mle shimoni, niambie, uliona nini?" Akanijibu, "Mama Tatu, mimi ni mtu wa mbolea na mbegu. Ya mle usiniulize. Ila kama unaweza kuzungumza naye, zungumza mapema."

Nikaenda kwa shehe. Akahesabu vidole. "Kwa miezi ya kuandama, miaka minne imetimia na kupita. Unaweza kukaa eda leo. Lakini wewe mwenyewe, moyoni mwako, unamhesabu yu hai au amekufa? Eda haikaliwi kwa shaka."

Nilimjibu kwamba naweza kuhesabu kila kitu isipokuwa hicho.

Na jana Tatu, tukiwa tunapeta mchele, aliniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, yule mtu wa jembe akifika mlangoni, tumkaribishe au tumfukuze?" Sikujua kwamba naye anakusikia. Nikamwambia mtu wa kweli hupiga hodi. Akafikiri, akasema, "Na asipopiga?" Ungepeta mchele namna gani baada ya swali hilo? Mimi niliumwaga.

Kwa hiyo nakuuliza wewe kabla hawajaniuliza mimi.

Mbegu zangu zimeshaingia ardhini. Nimepanda mapema, kwenye udongo mkavu chini ya nyasi, zisubiri mvua zenyewe. Mwenye kutegemea jembe asingeweza, angengoja ardhi ilainike. Nimefanya hivyo kusudi, ili nikitakiwa kuingia ndani nikae eda ya miezi minne na siku kumi, shamba lisife. Wenzangu wale walionicheka sindano wamekubali kunipalilia na kuniamia ndege. Nimepanga kila kitu, limebaki neno lako. Na ujue kwamba kuanzia leo kila pigo lako linafukua mbegu ya mwanao.

Kama u hai, njoo. Njoo kwa njia ya mbele, mchana, watu wakuone, upige hodi. Kama una mke mjini, njoo na hilo ulisema. Nitalia nitamaliza, tutaachana kwa mashahidi, na kila mtu atajua lililo lake. Kama ni maji yaliyokupoteza akili ukawa unaishi kwenye matete, njoo hivyohivyo, nitakuogesha. Sitakuuliza habari za milango.

Kama umekufa, Mungu akurehemu, acha ardhi ilivyo. Sikuombi ishara nyingine yoyote. Usije ndotoni, usigonge, usikohoe. Tulia tu. Ijumaa asubuhi nitashuka mpaka kamba ya tano. Nikikuta nyasi zimelala kama nilivyozilaza, nitajua umenijibu kama mume anavyomjibu mkewe. Nitavaa nyeupe, nitakaa eda yangu kamili, nitakusomea hitima ya mtu na si ya jembe, na jina lako sitaliacha lisemwe vibaya mbele yangu.

Ila usinijibu kwa kulima. Nikikuta mabonge mapya na mlangoni hakuna mtu, nitahesabu kwamba hukunijibu kabisa, sawasawa na siku ile ulipoondoka bila kuniaga. Hapo nitakwenda kikaoni nikajijibu mwenyewe kwa sauti kwamba mimi ni mjane, na wewe utabaki huko unalima shamba la mwanamke asiyekujua.

Sitaki maelezo. Nataka jambo moja, Baba Tatu, na nalitaka kabla ya adhana ya Ijumaa: uko, au huko?

Mkeo mpaka Ijumaa,
Mama Tatu